Chakula cha Samaki Wangu

Nyumbani kwangu ninalo sanduku la kioo lenye maji, na ndani yake nafuga perege wadogo sita. Samaki aliye mtoni hujitafutia riziki yake mwenyewe, lakini huyu aliyefungwa hana pa kwenda. Atakula nitakachompa, au atakufa kwa njaa. Basi amfungaye kiumbe hana budi kumlisha vema.

Mara moja au mbili kwa juma nawapa nyungunyungu walio hai. Nawachimbua penye unyevu, chini ya majani yaliyooza, mbali na mashamba yaliyonyunyiziwa dawa ya wadudu, maana sumu iliyo mwilini mwa nyungunyungu yaweza kumdhuru samaki. Kisha nawaweka usiku kucha katika chombo chenye majani mabichi, kwa kuwa matumbo yao yamejaa udongo, nao yafaa utoke kwanza. Asubuhi nawaosha, na walio wakubwa nawakata vipande vidogo vienee vinywa vya samaki.

Hapo utaona ajabu! Samaki aliyejificha hutoka mara aonapo kitu kikijipindapinda majini, akakinyakua. Lakini kipimo ni lazima. Natia wachache tu, wa kuliwa kwa dakika chache. Kilichobaki nakitoa, kwani nyungunyungu afiaye majini huoza, na maji yakichafuka samaki hukosa hewa.

Siku moja mtoto mmoja aliniuliza, "Mwalimu, je, si ukatili kumkata mnyonge huyu?" Sikulicheka swali lake, maana lilikuwa la haki. Nyungunyungu hana macho wala mapafu, naye huvuta hewa kwa ngozi yake. Hata hivyo ni mfanyakazi hodari. Mwaka 1881 Mwingereza mmoja mwenye elimu, Charles Darwin, alitoa kitabu kizima kueleza jinsi nyungunyungu wanavyougeuza udongo wa nchi.

Nikamjibu, "Mwanangu, hata mtoni samaki hula vidudu vilivyo hai. Lakini mimi sichukui ila wa kutosha, nawakata upesi kwa kisu kikali, na wanaosalia nawarudisha bustanini. Tukiutwaa uhai wa kiumbe kwa faida ya mwingine, tusiutwae kwa mchezo."

Mtoto akanyamaza kitambo. Kisha akakitwaa chombo changu, akawapeleka waliosalia chini ya mgomba, akawafunika kwa udongo.