Kwa Shangazi, Kasingirima: Vyombo vya Kukamulia Mawese

Msomaji mpenzi, kama hujapata kufika Ujiji, fuatana nami. Kutoka stesheni ya Kigoma, mahali reli ilipofika mwaka 1914, panda gari la Ujiji; kabla hujamaliza Rozari umekwisha fika. Njiani utaona miembe na michikichi. Wageni wengi hushuka kwenda kutazama mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Sisi leo hatuendi huko. Twaingia Kasingirima, kata mojawapo ya Ujiji, kwa shangazi yangu anayekamua mawese uani kwake.

Nilifika na pipa la lita 200 juu ya gari. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akaitikia, "Marahaba, baba," lakini macho yake yalikuwa juu ya pipa. Kabla hata ya kunipa maji akauliza, "Hili lilikuwa na nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Miaka miwili nyuma nilimnunulia pipa jingine kwa bei rahisi. Nililitazama kwa nje tu: halina tundu, halina kutu, nikafurahi. Sikumwuliza mwenye kuuza lilikuwa na kitu gani. Shangazi akalichemshia machikichi mara mbili, na mafuta yakatoka yakinuka dawa ya kuulia wadudu. Madumu matatu tukayamwaga shimoni. Fedha ya madumu yale ndiyo ingenunua sare na madaftari ya binti yake wa kidato cha kwanza. Mtoto akaanza shule wenzake wamekwisha tangulia wiki tano. Shangazi hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Basi, safari hii nilikuwa na jibu: lilikuwa na mafuta ya kula, na karatasi ya kiwandani ingali imebandikwa ubavuni. Nawe ukinunua pipa, swali hilo liwe la kwanza, bei iwe ya pili. Pipa lililopata kutiwa dawa ya shambani halioshwi likawa la chakula, wala moto haulitakasi. Pua husaidia, lakini pua haitoshi. Sumu nyingine haina harufu. Usipopata kujua lilikotoka, liache.

Jioni ile tulilisugua kwa majivu na maji ya moto, tukalisuuza, tukalijaza maji, tukawasha moto. Lilipochemka sana tukaondoa kuni na kulifunika gunia mpaka asubuhi.

Wakati tunangoja, shangazi alinionyesha vyombo vyake vingine. Kinu chake ni cha mti mgumu usio na utomvu, hakina ufa hata mmoja. Ufa hunywa mafuta, mafuta yale hukaa humo yakachacha, na kila utakachotwanga baadaye kitachukua harufu yake. Hukiosha kwa maji ya moto siku ile ile, kisha hukikausha kivulini. Jua kali ndilo linalopasua kinu.

Mashine ya kukamulia ni ya wanawake wanne kwa shirika. Ni silinda ya chuma iliyosimama, ndani mna mhimili wenye mapanga ya kuponda, na juu mna mti mrefu unaosukumwa na watu wakizunguka, kama ngamia wa vinu vya mafuta vya Unguja hapo kale. Ukitaka kununua ya namna hii, izungushe kwanza ikiwa tupu, usikilize kama inakwaruza. Ingiza mkono ndani upapase mahali palipochomewa: pakiwa na vijishimo, makapi yatajificha humo. Uliza kama yafunguka kwa spana ya kawaida, na kama fundi yu karibu. Tena usikubali mtu akuwekee grisi ya gari penye kuzunguka, maana hudondokea chakula. Tumia mawese yenyewe.

Ugomvi wa mashine ya shirika ni mmoja tu: nani aoshe? Wao wana amri yao. Aliyekamua huosha kabla ya kulala, na wa zamu ya kesho hunusa kabla ya kuanza. Ikinuka, anarudishwa mwenzake aje aoshe, awe mkubwa au mdogo.

Usidhani huu ni usafi wa kujionyesha tu. Chikichi likichubuka huanza kuharibika, kwa sababu ndani yake mna kitu kinachogeuza mafuta kuwa makali, na kitu hicho hufa kwa moto. Ndiyo maana shangazi hapendi matunda yalale siku nyingi baada ya kuvunjwa. Pipa lazima liwe tayari kuyapokea. Akisha kamua, huyachemsha mafuta mpaka yaache kutatarika, dalili ya kuwa maji yamekwisha, ndipo huyachuja na kuyatia katika madumu makavu kabisa. Dumu hulijaza mpaka shingoni, akaliweka gizani, maana jua huua ule wekundu unaofaa macho ya watoto. Ndoo ya bati hakubali ikae na mafuta usiku kucha.

Siku hizi kazi hii inaongezeka. Tangu mwaka 2018 serikali imelitilia nguvu zao la mchikichi, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga huku Kigoma chazalisha miche ya tenera, ambayo tunda lake lina nyama nyingi na kokwa yenye ganda jembamba kuliko dura yetu ya zamani. Mashamba yanayopandwa yakianza kuzaa, kinu na mikono miwili havitatosha. Wengi watatafuta mapipa, nao wauzaji wa mapipa ya bei rahisi hawatakosekana.

Alfajiri tulimwaga maji, shangazi akainamisha uso pipani akanusa. Akamwita jirani, naye akanusa. Mwisho akamwita yule binti, ambaye sasa yu kidato cha tatu. Akaingiza kichwa chote, akakaa kidogo, akatoka.

"Linanuka chuma tu, mama."

Shangazi akapanga vijiti chini ya pipa ili matunda yasiungue, akamimina machikichi na maji. Mimi nikatumwa kuni.