Horvat: Jina Alilopewa Mgeni

Jina la ukoo aghalabu hudhaniwa kuwa ni kauli ya mtu juu ya nafsi yake. Historia ya jina Horvat, ambalo katika sensa ya 2011 liliongoza kwa wingi nchini Kroatia, yaonesha kinyume chake: jina hilo ni kauli ya majirani.

Kimaana jina lenyewe li wazi. Horvat ni 'Mkroatia', nalo ni umbo la zamani la neno ambalo katika lugha sanifu ni Hrvat. Katika Hrvat, kimadende r hubeba silabi peke yake bila irabu, kama ifanyavyo nazali m katika neno la Kiswahili mtu. Umbo lenye irabu o ni la Kikajkavia, lahaja ya kaskazini, na Kihungari nacho husema horvát.

Fumbo limo katika matumizi. Yawezekanaje mtu aitwe Mkroatia katikati ya Wakroatia? Jina hutolewa ili kutofautisha, na hakuna anayetofautishwa kwa sifa ambayo kijiji kizima kinayo. Jibu limo katika historia. Katika Zama za Kati, nchi iliyozunguka Zagreb na Varaždin iliitwa Slavonia, na jina la Kroatia lilikuwa la nchi za kusini zaidi. Majeshi ya Uthmania yaliposonga mbele, hususan baada ya vita vya Mohács mwaka 1526, watu wengi walikimbilia kaskazini. Huko wenyeji waliwaita kwa asili yao: Horvat, yaani yule aliyetoka Kroatia. Kadiri wakimbizi walivyohamia kaskazini, ndivyo jina la nchi yao lilivyohama pamoja nao, hata likawafunika wenyeji wenyewe. Mtaguso wa Trento (1545–1563) ulipohimiza daftari za ubatizo na ndoa, lakabu hizo zilianza kuganda na kurithishwa.

Wengine walivuka mipaka. Ndiyo maana jina hili limeenea mno Slovenia, Hungaria na Slovakia. Huko nako liliendelea kufanya kazi ile ile ya kumtaja aliyekuja. Baada ya vizazi kadhaa, hata hivyo, wengi walioitwa hivyo hawakuwa tena na neno moja la Kikroatia vinywani mwao. Na Waroma wengi, ambao asili yao ni nyingine kabisa, nao wanalo.

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la etimolojia tupu. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1995, mjini Oberwart, Austria, Waroma wanne waliuawa kwa bomu lililotegwa kwenye bango lililowataka Waroma warudi India. Wawili kati yao waliitwa Horvath. Jina lao lilikuwa na maana ya 'Mkroatia', liliandikwa kwa tahajia ya Kihungari, na lilitamkwa katika nchi ya Wajerumani kwa lugha. Aliyetega bomu alitaka kuwarudisha kwenye asili moja, ilhali jina lao lenyewe lilishuhudia karne nyingi za ujirani.

Basi mwanaisimu aulizwapo maana ya jina la ukoo, haitoshi kutafsiri mzizi wake. Sharti aulize pia ni nani aliyelitamka kwanza, na alikuwa amesimama upande gani wa mlango.