Tulivyochagua Oili ya Gari Letu

Ndugu vijana, wale miongoni mwenu mliobeba kipoyi usiku ule wa mvua hamhitaji kukumbushwa. Mama mjamzito alikuwa ndani ya gari letu la zamani, tukiwa tumetoka Minembwe kushuka kuelekea Fizi, na difu ya nyuma ikaanza kulia kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka. Kwenye kilima kidogo kilichofuata injini iliunguruma, lakini magurudumu hayakusukuma tena. Mlikata miti miwili, mkafunga blanketi, mkamlaza mama, mkatembea hadi alfajiri. Yeye na mtoto walifika salama. Gari lilibaki pale kwa majuma mengi, na tunaambiwa kuku wa jirani walipata mahali pazuri pa kutagia.

Fundi alipoifungua ponti, jina ambalo mafundi wetu huiita difu kwa kufuata Kifaransa, oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Difu hupata moto njiani. Ikizama ghafla katika mto wenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake hunywea na kuvuta maji kupitia kipumulio kilichoziba vibaya au sili zilizochoka. Kisha maji na oili huchanganywa na meno ya gia mpaka mchanganyiko ule hauwezi tena kulinda chuma. Hatukuwa na wa kumlaumu ila sisi wenyewe. Kila asubuhi tulipima oili ya injini, kwa sababu injini ina kijiti cha kupimia. Difu haina kijiti, nasi tukaisahau kwa misimu miwili ya mvua.

Basi lilipopatikana gari la pili, pikapu ya dizeli yenye tabo, changa kuliko gari lolote tulilowahi kuligusa, tulikaa jioni tatu kuzungumza juu ya oili tu. Wapo waliocheka. Waliobeba kipoyi hawakucheka.

Mzee wetu dereva alisema wa kwanza, kama ilivyo haki yake. “Wanangu, mlima unataka oili nzito. Tieni namba 40 tupu, kama niliyotia katika Land Cruiser miaka yote.” Hakusema upuuzi. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, ile ya lita 4.2 isiyo na tabo, imewalea madereva wengi wa Kongo, nayo husamehe mengi. Kijana mmoja akajibu kwa adabu, “Papa, injini hii si ile.” Mwingine akaongeza kwamba Minembwe kuna baridi, kwa hiyo tununue oili nyepesi kabisa, 5W-30, iwashe upesi asubuhi.

Hapo tulilazimika kujifunza maana ya zile namba, maana kila mmoja wetu alikuwa akizitaja kama mtu anayetaja majina ya watu asiowajua. Namba iliyo mbele ya herufi W yahusu baridi, na ile ya mwisho yahusu unene wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100. Oili ya 5W hupimwa katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Ile ya 15W katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Minembwe iko juu ya mita 2,000, na ziwa la Tanganyika pale Baraka liko kwenye mita 770 hivi; tofauti hiyo hupunguza joto kwa nyuzi nane au zaidi kidogo. Twavaa makoti, ni kweli, lakini hata usiku wetu mkali kuliko yote hauikaribii baridi inayoishinda 15W. Namba ya kwanza, basi, haikuwa na uzito mkubwa kwetu. Kwa namba ya mwisho mzee alikuwa na haki: kupanda zaidi ya mita 1,200 na magunia ya maharagwe nyuma, kwa gia ya kwanza na ya pili, huichemsha oili, na ile ya 40 hubaki nene kuliko ya 30. Kitabu cha gari kiliruhusu 15W-40. Kwa hiyo mzee alipata 40 yake, ila si tupu, na kijana hakupata 5W yake.

Jambo lililotuchelewesha zaidi lilikuwa herufi nyingine, zile za daraja la oili. Dukani Baraka tulionyeshwa kopo la CK-4, na muuzaji akatuhakikishia kwamba ndiyo mpya, kwa hiyo ndiyo bora. Ni mpya kweli: daraja hilo lilianza mwishoni mwa 2016, na lile la CI-4 ni la 2002. Lakini CK-4 ilitengenezwa kwa ajili ya dizeli safi, yenye salfa isiyozidi sehemu 500 katika milioni, na kwa magari yenye chujio la masizi katika bomba la moshi, ambalo huzibwa na majivu ya oili. CI-4 ilikusudiwa kuvumilia salfa hadi mara kumi ya kiasi hicho. Salfa ikiungua huzaa asidi, na oili ndiyo inayoimeza asidi hiyo kabla haijala chuma. Nasi dizeli yetu hutoka wapi? Katika mapipa, ambayo kabla ya kufika kwetu yamepita mikononi mwa watu wengi. Tulilala chini ya gari kwa tochi, tukalinganisha na kitabu, tukahakikisha kwamba letu halina chujio la masizi. Tukachagua CI-4 ya 15W-40, na tukakubaliana kuimwaga mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kama lingekuwa na chujio, uamuzi ungegeuka, na tungelazimika kwanza kutafuta dizeli safi.

Kwa difu, mabishano yalikuwa mafupi lakini makali. Muuzaji alitaka kutupimia “oili ya gia” kutoka katika pipa moja, itiwe katika gia na difu. Tulikataa. Katika difu ya namna hii, pinioni imekaa chini ya kitovu cha gurudumu kubwa la meno, hivyo meno hayabingiriki tu bali huteleza moja juu ya jingine kwa mgandamizo mkubwa. Daraja la GL-5 lina dawa ya kutosha kwa mateso hayo, GL-4 haina. Dawa hiyohiyo, kwa upande mwingine, yaweza kudhuru vipande vya shaba vilivyo ndani ya giaboksi ya mkono. Basi makopo mawili, yenye lakiri zisizovunjwa, kwa bei iliyotufanya tunyamaze kidogo.

Kitabu kilitaja 75W-85 kwa difu. Baraka nzima tulipata 80W-90 tu. Tuliinunua, na tungali tunaamini tulifanya vema: oili hiyo nene kidogo hupoteza dizeli kidogo, lakini kwa mzigo na mwendo wa polepole haimwachi pinioni mtupu. Tuliacha kitabu kwa namba. Kwa herufi hatukuthubutu.

Mwishoni mwa mvua tuliegesha gari mahali tambarare ili kukagua. Tulifungua kwanza kizibo cha kujazia, ndipo cha kumwagia. Ukianza na cha chini, kisha ukakuta cha juu kimeganda, umebaki na gari lisilo na oili na lisiloweza kutiwa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwapo hutangulia kutoka. Yalitoka matone machache, safi. Tukanyamaza wote. Kisha ikafuata oili, ya kahawia, haikuwa na weupe wowote. Tulikuta bomba la kipumulio limechomoka mahali pake. Tukalirudisha na kulifunga kwa waya juu zaidi, karibu na kitanda cha gari.

Mzee dereva alichovya kidole, akakinusa. Oili ya GL-5 hunuka vibaya, harufu ya salfa isiyotoka nguoni. “Bado inanuka,” akasema, akafuta kidole kwenye suruali, akaenda kuuliza nani angeshuka Baraka Jumatatu kununua kopo jingine.