Santuri za Mwaka na Somo la Kiswahili

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, watangazaji wa redio huirudia ada yao ya zamani: kutaja mbele ya wasikilizaji nyimbo walizozipenda kuliko zote katika mwaka unaokwisha. Wengine hutaja kumi, wengine hamsini, na wako wasioweza kujizuia, mwaka mpya ukawakuta wangali wanahesabu. Huenda baadhi ya wasomaji wa jarida hili wakaona kwamba hayo ni mambo ya wacheza dansi, hayatuhusu sisi watu wa chaki na ubao. Sisi twaona vingine. Kwa mwalimu wa Kiswahili wa Uganda, orodha ya mtangazaji ina uzito unaokaribia ule wa muhtasari wa masomo, nasi tungependa kueleza kwa nini.

Sisi tuliokulia upande wa Tororo, karibu na mpaka wa Kenya, tulikutana na Kiswahili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa vizuizi vya barabarani. Kiswahili cha hapo kilikuwa kifupi, cha amri tupu: simama, shuka, keti chini, fungua mzigo. Hakikuwa na tafadhali wala ahsante. Lugha hii ilikuwa imekwisha kuzoeleka katika kambi za jeshi tangu enzi ya Mwingereza, na serikali ya Idi Amin ilipoitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, tangazo hilo halikuwapunguzia watu hofu. Katika nyumba nyingi wazazi waliwakataza watoto wao kukizungumza Kiswahili, wakisema ni lugha ya askari na ya wezi. Kila aliyewahi kukifundisha nchini Uganda amekwisha kuambiwa maneno hayo, na pengine angali akiambiwa.

Njia ya pili ilikuwa redio. Betri zilipoanza kuchoka tulizianika juani ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi, na jioni hiyo ilipofika tulisogea karibu. Kutoka Kenya ilikuja Idhaa ya Taifa. Usiku, mawimbi yakitulia, ilikuja Redio Tanzania, sauti ikipanda na kushuka kama ya mtu azungumzaye huku akitembea penye upepo. Humo mlikuwa na Kiswahili cha namna nyingine kabisa: cha mume aliyegombana na wakwe, cha mfanyakazi angojeaye mwisho wa mwezi, cha mtu aliyemkosea mwenziwe akataka kusamehewa. Hapo ndipo tulipojua kwamba lugha hii yaweza pia kuomba radhi.

Yafaa msomaji kijana aelezwe jinsi nyimbo hizo zilivyofika hewani, kwa maana mambo yamebadilika mno. Nairobi kulikuwa na studio na mitambo ya kuchapa santuri, hivyo bendi iliyorekodi huko iliweza kuuzwa madukani. Ndiyo sababu wanamuziki wengi wa Tanzania na wa Zaire walihamia mji huo: ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walioiongoza Simba Wanyika, kisha Les Wanyika, waliojitenga nao mwaka 1978, kadhalika na Wazaire wa Super Mazembe. Tanzania yenyewe haikuwa na kiwanda cha santuri. NUTA Jazz, Mlimani Park, Marijani Rajab na Dar International yake, hao walirekodi nyimbo zao nyingi katika studio ya Redio Tanzania, maneno yakiwa yamekwisha kupitiwa na kamati; wimbo ukabaki ndani ya kanda, na kanda ikabaki rafuni. Hapakuwa na duka ambalo mtu angeingia akainunua. Mtangazaji ndiye aliyekuwa duka. Wimbo aliouchukua rafuni uliishi. Alioupita ulizikwa ungali hai. Basi alipotaja mwisho wa mwaka nyimbo alizozipenda, hakuwa akitoa maoni yake tu, bali alikuwa akiamua ni zipi ambazo sisi wa mbali tungezisikia tena mwaka unaofuata, na kwa hiyo ni maneno yapi ya Kiswahili yangetukaa kichwani.

Mwaka tunaoukumbuka zaidi ni ule wa 1979. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, fundi wa gita na mwimbaji kutoka Morogoro, alikufa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa tarehe 12 Januari. Wakati huo Tanzania na Uganda zilikuwa vitani, na Kampala ilitwaliwa mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Askari wa Tanzania walipofika mjini kwetu, tulistaajabu mambo mawili. La kwanza, mwenye bunduki alimwamkia bibi yetu 'shikamoo', naye bibi, asiyejua neno hilo wala jibu lake, akabaki ameduwaa akimtazama. La pili, jioni askari hao waliimba nyimbo zilezile tulizozijua redioni, na 'Shida' ya Mbaraka ilikuwa mojawapo. Sisi tulijua maneno yake, nao waliyajua. Tukaimba pamoja, pasiwe na mtu wa kumwogopa mwenziwe kwa muda wa wimbo mmoja.

Mwisho wa mwaka ule, mtangazaji mmoja tuliyempenda kwa sauti yake aliuweka wimbo wa Mbaraka mbele ya nyingine zote, ingawa haukuwa umerekodiwa mwaka ule. Hakutoa hotuba. Alilitaja jina la marehemu kwa ukamilifu, majina yote matatu, akanyamaza kidogo, kisha akaweka sindano.

Kulitaja jina ni jambo ambalo twalihimiza hata leo, maana wimbo ukipendwa sana hupotewa na baba yake. 'Malaika' imezunguka dunia nzima, na hadi sasa watu hawajaacha kubishana iwapo mtunzi ni Fadhili William aliyeirekodi na kuieneza, au ni mwingine. 'Shauri Yako' wengi huijua kuwa ni ya Super Mazembe, ilhali aliyeitunga ni Nguashi N'Timbo. Mwalimu wa fasihi hawezi kumpa mwanafunzi shairi bila kumtaja mshairi; kwa nini basi wimbo, ambao ni shairi lililovishwa gita, utupwe hewani kama kitu kilichookotwa njiani?

Na kwa kuwa tumeitaja 'Shauri Yako', turuhusiwe kuchepuka kidogo, kwani kichwa hicho cha maneno mawili kimetupatia vipindi vingi vya masomo kuliko sura nzima za vitabu. Kila mwaka hutokea mwanafunzi hodari akauliza, 'Mwalimu, umetufundisha shauri hili, mashauri haya. Mbona basi mwimbaji hasemi shauri lako?' Swali ni zuri, na mwenye kuliuliza amekwisha kuiva. Sarufi kweli yataka 'shauri lako', na mtu akikuambia kwamba amelisikia shauri lako, maana yake amepokea maoni yako. Lakini 'shauri yako' ni usemi ulioganda, wenye maisha yake mwenyewe: mwenye kuutamka ananawa mikono, anakuachia mzigo uubebe peke yako. Ukisahihisha usemi huo ukaandika 'lako', utakuwa umeiponya sarufi na kuiua maana. Jambo hilo ni gumu kulieleza kwa kanuni. Weka santuri, mwanafunzi aisikie sauti ya mwimbaji inavyolegea kama ya mtu aliyekata tamaa, naye ataelewa bila maelezo.

Hatusemi kwamba kila kipendwacho na watangazaji ni chema kwetu. Mwaka 1982 Them Mushrooms wa Kenya walitoa 'Jambo Bwana', wimbo mtamu, uliotungwa kwa ajili ya watalii wa hoteli za pwani, na mwaka uliofuata kundi la Boney M. likauimba upya huko Ulaya. Tangu hapo kila mgeni ajaye darasani huja na 'jambo' yake mkononi kama zawadi. Nasi hutulazimu kuipokea kwa adabu, kisha kuanza kazi ya kueleza kwamba Mswahili huuliza 'hujambo?' akajibiwa 'sijambo', na kwamba neno dogo hilo 'hu-' lina mtu ndani yake anayeulizwa hali. Wimbo wa dakika chache umetupa kazi ya miaka arobaini! Lakini hatuulaumu sana, maana umetuletea wanafunzi pia.

Ada hii ya kuchagua si ya kwetu peke yetu. Tangu mwaka 1991 watangazaji wa redio wa nchi nyingi za Ulaya, wale wanaoshughulika na muziki wa mataifa mbalimbali, wamekuwa na jopo lao: kila mmoja hupeleka orodha ya santuri alizozipenda, alama zikajumlishwa, na mwaka ukiisha hutolewa orodha ya mwaka mzima. Huko Uingereza, Charlie Gillett, ambaye alisikika pia katika idhaa ya dunia ya BBC, alikuwa na desturi katika miaka yake ya mwisho ya kukusanya kila mwaka nyimbo alizozichagua na kuzitoa katika sahani mbili, pamoja na maelezo yake. Alikufa mwezi wa Machi 2010. Twaipenda desturi yake kwa sababu ya yale maelezo: mtu hasemi tu 'hii nimeipenda', bali hutoa sababu, ili asiyekubaliana naye apate pa kushika.

Kwa watangazaji wa huko, mwaka wa santuri ni ule inapotoka kiwandani, hata kama waimbaji wamekwisha kufariki. Mfululizo uitwao Zanzibara, unaotolewa Ufaransa, ulianza mwaka 2005 na nyimbo za Ikhwani Safaa, chama cha taarab cha Unguja kilichoasisiwa mwaka 1905. Sahani ya tatu, iliyotoka mwaka 2007, ilikusanya dansi ya Tanzania ya miaka ya 1960. Mtangazaji wa Berlin au wa Paris aliyeiweka hewani aliipokea kama mtoto mchanga, ilhali baba zetu walikwisha kuoa kwa nyimbo hizo. Hatuna ugomvi naye. Afadhali aliyekuja kuchelewa kuliko asiyekuja. Ila yeye husikiliza gita, tarumbeta na mwendo wa ngoma, na sauti ya mwimbaji ni ala mojawapo miongoni mwa ala. Kama mwimbaji anatongoza, anaonya au anadai mshahara wake, kwake ni mamoja. Mtangazaji anayesema Kiswahili hana udhuru huo. Yeye anayaelewa maneno, na anapochagua anachagua na maneno pia, atake asitake.

Sasa twafikia linalotukera. Hapa kwetu siku hizi aghalabu nyimbo hupigwa moja baada ya nyingine kama magunia yanayoshushwa garini, bila jina la mtunzi, bila neno la kuzifungua, na Desemba inapofika, orodha ya mwaka ni hesabu tu ya nyimbo zilizopigwa mara nyingi. Huko si kuchagua. Mashine yaweza kuhesabu. Jambo hili lisingetuumiza kama Kiswahili kingekuwa na milango mingine ya kuingilia nyumbani kwa Waganda, lakini milango ni michache. Mwaka 2005 katiba yetu ilirekebishwa, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Na mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kwamba kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Twayashukuru maamuzi hayo. Hata hivyo tuliwahi kuona tangazo jingine, la mwaka 1973, nasi twajua kwamba amri humfanya mtoto afanye mtihani, haimfanyi aimbe akiosha vyombo. Mtangazaji mmoja mwenye sikio, anayeeleza kwa dakika moja kwa nini ameuchagua wimbo huu, hufanya kazi ambayo sisi hatuwezi kuifanya kwa muhula mzima.

Kwa kuwa watangazaji wa namna hiyo ni adimu, tumeanza kuwatengeneza darasani. Juma la mwisho kabla ya kufunga shule, kila mwanafunzi wa kidato cha tatu huleta wimbo mmoja wa Kiswahili, akasimama mbele kama yuko kwenye kipaza sauti, akamtaja mtunzi na mwimbaji, akaeleza kwa Kiswahili kwa nini ndio wimbo wake wa mwaka. Wenzake wana haki ya kumpinga, kwa Kiswahili vilevile. Kelele huwa nyingi. Wengi huleta nyimbo mpya za Dar es Salaam zilizojaa maneno ya mitaani, na hapo ndipo walimu wenzetu hukunja uso. Lakini mvulana anayelazimika kueleza neno la mtaani kwa Kiswahili sanifu amefanya zoezi la tafsiri bila kujua.

Mwaka mmoja msichana mpole, asiyezoea kunyosha mkono, alisimama akataja 'Sina Makosa' ya Les Wanyika. Wavulana wakaangua kicheko: wimbo ule ulirekodiwa kabla mama yake hajazaliwa, utakuwaje wa mwaka huu? Yeye hakutikisika. Alisema, 'Mwalimu, mimi nimeusikia mwaka huu. Zamani sikuwapo.' Kisha akaeleza kisa cha wimbo, na akaongeza kwamba nyumbani kwao hakuna anayezungumza Kiswahili ila baba yake mkubwa, aliyekuwa dereva wa malori ya Mombasa, na kwamba tangu alipomwimbia wimbo huo mzee yule humsemesha Kiswahili kila jioni. Mvulana mmoja alitaka kupinga tena, akakosa neno, akakaa. Tukauandika wimbo ubaoni, namba tatu, na kengele ikalia kabla hatujafika namba nne.