Jiko la Dani na Baridi ya Kisian

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu halikuvunjika, lakini nusura nimpoteze ndugu yangu. Ndiyo sababu nimeshika kalamu, ili nanyi wenzangu msirudie kosa langu.

Kwetu ni Kisian, pale njia panda ambapo barabara ya kutoka Kisumu hugawanyika: moja huelekea Maseno na Busia, nyingine hushika njia ya Bondo. Najua mwenzangu wa kutoka Limuru akisikia nikitaja baridi ya Kisian atacheka mpaka magego yaonekane. "Baridi gani hiyo karibu na ikweta?" Ni kweli, ikweta yapita hapo Maseno, na hata usiku halijoto yetu hushuka hadi nyuzi 17 hivi tu. Lakini yeye hajasimama kando ya barabara saa kumi na mbili jioni, mvua imetoka kupiga, nguo zimelowa chepechepe na upepo unapenya hadi mifupani. Kwa mtu aliyezoea jua la Kisumu, hiyo ni baridi ya kutosha.

Hapo ndipo Dani huchomea mahindi. Dani ndivyo sisi Wajaluo tumwitavyo nyanya. Julai na Agosti mahindi mabichi huwa tele, na jioni za mvua ndizo zenye biashara. Jua likiwaka abiria hutaka soda. Mvua ikinyesha, matatu ikisimama tu, mikono hutokea madirishani: "Mama, nipe moja laini! Weka pilipili!" Pesa hizo ndizo zilizoninunulia sare ninayovaa, kwa hivyo sioni haya kujiita mjukuu wa muuza mahindi.

Kuchoma kwenye baridi si mchezo. Dani husimamisha kipande cha bati upande unaotoka upepo, maana upepo hula makaa upesi na kuunguza hindi upande mmoja huku upande wa pili ungali mbichi. Makaa yake huyaweka ndani ya ndoo yenye kifuniko yasilowe. Haanzi kuchoma moto ukiwa bado na ndimi. Hungoja makaa yawe mekundu na kupata jivu jembamba juu. Kisha huligeuza hindi polepole akipepea kwa kipande cha katoni, na mwisho hulipaka ndimu iliyochovywa kwenye chumvi na pilipili.

Jioni moja ya Agosti mwaka uliopita, Dani alikwenda matangani kwa jirani. Aliniachia jiko pamoja na mdogo wangu wa miaka sita. "Nyakwara," aliniambia, yaani mjukuu wangu, "mvua ikizidi, zima moto mwingie ndani. Jiko lisiingie nyumbani."

"Ndiyo, Dani," niliitikia, lakini moyoni nikasema hayo ni mambo ya wazee.

Haukupita muda mvua ikamwagika kama maji ya mfereji. Makaa yalikuwa bado mazuri, mahindi sita hayajachomwa, na mtoto anatetemeka kama jani. Nikalibeba jiko, nikaliingiza nyumbani, nikafunga mlango na dirisha. Lo! Raha iliyoje! Chumba kilipata joto, moshi hakuna, nami nikajiona mjanja kuliko Dani.

Baadaye kidogo mtoto akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia ni njaa tu. Akajilaza, nami nikadhani ni usingizi. Kumbe! Mara kichwa changu nacho kikaanza kugonga kama ngoma, moyo ukachafuka, miguu ikawa mizito. Nilimtikisa mtoto, naye alikuwa amelegea kama kitambaa.

Mungu si Athumani. Mlango ulifunguka, Dani akaingia. Alikuwa amerudi kuchukua shuka ya kujifunika kule matangani. Hakuuliza swali. Alimnyakua mtoto akamtoa nje kwenye mvua, akarudi akanivuta mkono, kisha akalipiga jiko teke likabingirika hadi uani. Mtoto alitapika, halafu akalia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile. Tulimkimbiza hospitalini kwa bodaboda, akawekewa oksijeni, na asubuhi akaomba uji.

Baadaye mwalimu wetu wa Kemia alinieleza. Makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu hukosa nafasi ya kubeba hewa tunayoihitaji. Hata lile jiko la bati lenye udongo ndani, ambalo lilianza kuenea nchini miaka ya 1980, hupunguza makaa yanayotumika lakini haliondoi sumu hiyo. Mimi nilidanganywa na kukosekana kwa moshi.

Dani hakunichapa. Jioni iliyofuata mvua ilinyesha tena. Alinipa kile kipande cha katoni akaniambia, "Keti, pepea." Tuliketi kando ya barabara nyuma ya bati letu, mimi na sweta yangu ya shule, yeye na leso moja tu mabegani. Miaka yote hiyo nilikuwa nikidhani Dani huchomea nje kwenye baridi kwa sababu ya umaskini, eti hana kibanda. Siku hiyo nilimwona akitetemeka, na nikajua kwamba alikuwa amechagua atetemeke yeye ili sisi tulio ndani tulale salama.

Basi wenzangu, na hasa ninyi wa sehemu za baridi kali, mvua ikinyesha chomeni mahindi, chomeni samaki, mle mshibe. Lakini jiko libaki nje, na mkiingia kulala liacheni huko huko. Baridi ya usiku huisha kukipambazuka.