Yule Aliyejitoa Kwenye Grupu



Leo naomba ufungue simu yako uende kwenye lile grupu la mliosoma pamoja sekondari. Usisome ujumbe wa leo asubuhi, ule wa maua na "siku njema yenye baraka". Panda juu, panda tena, mpaka ufike mahali watu walichangamka mara ya mwisho, wakaandika hata wale ambao huwa kimya mwaka mzima. Kulikuwa na nini? Wacha nibahatishe. Mtu alikuwa amekufa, au mzazi wa mtu, au kuna mgonjwa hawezi kutoka hospitalini kwa sababu ya bili.

Sikucheki. Mimi niko kwenye magrupu matatu ya namna hiyo, na la tatu si langu hata, ni la mke wangu, lakini husomewa kila jioni nipende nisipende.

Sisi tulifanya KCSE mwaka 1993. Tuliingia kidato cha kwanza 1990 tukiwa wilaya ya Machakos, tukamaliza tukiwa wilaya ya Makueni, na hakuna aliyehamisha hata boksi lake. Ni wilaya iliyogawanywa, 1992. Darasani tulikuwa na watoto wa Kibwezi, wa Kilungu, wa Mbooni, na wengine waliotoka ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, kule Ikutha na Mutomo. Tulipoagana hakukuwa na simu. Kila mtu alikuwa na kidaftari chake cha kuagana, na humo mwenzako anakuandikia maneno matamu na sanduku la posta. Sanduku lenyewe ni la shule ya msingi ya kijijini kwao au la kanisa, maana nyumbani hakuna aliyekuwa nalo. Ukituma barua, inasomwa kwanza na mwalimu mkuu, halafu inatumwa na mtoto yeyote anayepita njia hiyo. Nyingi hazikufika. Kwa hiyo tukapoteana, na hakuna aliyekusudia.

M-Pesa ilipokuja 2007 tulikuwa tayari watu wazima wenye watoto. WhatsApp ikafuata. Na grupu letu, kama yalivyo mengi ninayoyajua Ukambani, lilianzishwa msibani. Tulikutana kaburini kwa mwenzetu, tukaangaliana vipara na vitambi, tukapeana namba. Tukaapa kwamba hatutangoja tena kifo kitukutanishe. Unajua kiapo hicho. Umekiapa.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niandike.

Kuna kitu kinaitwa orodha ya mchango. Namba, jina, kiasi, tiki. Kila mtu akituma pesa, orodha inanakiliwa na kubandikwa upya ikiwa na jina lake. Juu kabisa kuna 10,000 za yule aliye Nairobi kwenye kazi nzuri, kisha 5,000, kisha kundi kubwa la 1,000, kisha 500, kisha 200. Halafu unapigwa mstari, na chini ya mstari wanaandikwa ambao hawajatoa, mmoja mmoja, kwa jina kamili kama lilivyokuwa kwenye rejista. Juu ya majina hayo kunaandikwa kwa upole: "Tunawasubiri wapendwa wafuatao."

Mwekahazina wetu ni mwalimu, mtu mwaminifu kabisa, na ana sababu yake. Aliniambia, "Pasta, nikiacha kuibandika, wiki ijayo mtasema nimekula." Hakukosea. Katika nchi hii pesa za harambee zimeliwa na watu wenye sura za heshima, na anayeshika mfuko wa wengine anahitaji kinga. Lakini kinga yake ilikuwa ukutani mbele ya watu 80 na kitu, na kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akisoma jina lake hapo kila asubuhi.

Nimemwomba ruhusa niandike habari zake bila jina, akakubali. Alifanya kazi miaka mingi kwenye hoteli ya watalii huko Pwani. Mwaka 2020 corona ilipofunga hoteli alirudi nyumbani upande wa Ikutha, akaingia kwenye ndengu kama majirani zake. Wewe uliye Kitui au Makueni sihitaji kukueleza yaliyofuata. Mvua za mwisho wa mwaka, ambazo ndizo tunazozitegemea hapa kwetu, zilikuwa haba mwaka baada ya mwaka, na ndengu hazikurudisha hata gharama ya mbegu. Katika miezi mitatu grupu likapata misiba minne. Orodha nne. Jina lake likawa chini ya mstari mara nne.

Usiku mmoja wa Jumanne tukaona maandishi madogo ya kijivu: amejitoa.

Mpendwa, yale yaliyofuata kwenye grupu nataka uyasome polepole, kwa maana huenda uliwahi kuyaona kwenu. Mmoja akaandika, "Mwacheni, ana madharau." Mwingine akaandika, "Siku yake ikifika atarudi." Mwingine akaweka ile sura inayocheka mpaka machozi. Kisha mtu akatuma video ya mbuzi, na mazungumzo yakaendelea.

Sasa fungua 2 Timotheo sura ya 1, aya ya 15 hadi ya 18. Paulo anaandika akiwa mfungwa. Anasema wazi kwamba waliokuwa naye kule Asia wamemwacha, na wawili anawataja kwa jina, Figelo na Hermogene. Ukisoma haraka utafikiri ni mzee anayelalamika. Halafu anamtaja Onesiforo. Huyu alikuwa amehudumu Efeso, na alipofika Rumi alimtafuta Paulo kwa bidii mpaka akampata, na minyororo ya Paulo haikumtia aibu.

Mimi huwa nakwama kwenye hilo neno la kutafuta. Rumi ya siku hizo wanahistoria wengi huikadiria kuwa na watu karibu milioni moja. Hakuna simu, hakuna ramani mfukoni, na unayemtafuta ni mfungwa. Ukiulizia mfungwa, unaulizwa wewe ni nani kwake. Kwa hiyo Onesiforo alizunguka, akaelekezwa vibaya, akarudi, akauliza tena, na kila alipouliza alijihatarisha. Paulo hasemi alimletea kiasi gani. Anasema alimburudisha, na mara nyingi. Tunajua pia kutoka mwisho wa barua hiyo kwamba Paulo alikuwa na uhitaji wa kweli, hata aliomba aletewe joho alilokuwa ameliacha Troa. Lakini akimkumbuka Onesiforo, anakumbuka kutafutwa.

Kwetu aliyetafuta hakuwa pasta, na hakuwa yule wa 10,000. Alikuwa fundi wa magari Wote, ambaye tangu kidato cha pili tunamwita Dereva kwa sababu alikuwa akitembea huku akizungusha usukani usiokuwepo. Kwenye orodha Dereva huwa wa 200. Yeye hakuandika lolote siku ile. Alipiga namba ya mwenzetu, ikapokelewa na binti fulani wa Kakamega, maana namba ikikaa bila kutumika muda mrefu hupewa mtu mwingine. Akapiga tena jioni, binti akamwambia kwa adabu, "Baba, huyu si mimi."

Basi akafunga gereji siku mbili. Akateremka hadi Makindu, akafika Kibwezi, akavuka Athi kwa ile barabara ya lami inayokwenda Kitui. Zamani safari hiyo ilikuwa vumbi tupu, au uzunguke Machakos. Siku hizi hakuna kisingizio. Ikutha alikwenda moja kwa moja sokoni, akauliza kwa jina la baba wa mwenzetu, kwa kuwa kwetu mtu hupotea lakini ukoo haupotei. Wa nne aliyemwuliza akamwonyesha njia.

Alimkuta mtoni. Wasiojua Kitui, mto huko ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na maji yako chini yake, unachimba. Mwenzetu alikuwa anachota kwa kikombe, anajaza mitungi, anaipakia juu ya punda wawili, anauza. Dereva hakusema kitu. Alivua viatu, akashuka shimoni, akachukua kikombe cha pili. Wakajaza mitungi minane kabla ya kusalimiana sawasawa.

Jioni wakala muthokoi. Ndipo akaeleza. Hakuwa amekasirikia mtu. Simu ile yenye WhatsApp ilikuwa ya nyumba nzima, na binti yake wa darasa la saba aliitumia kwa kazi za shule. Siku moja akamletea simu ikiwa imefunguliwa kwenye orodha, akamwuliza, "Baba, hawa watu wanakudai pesa ngapi?"

Usiku huo akajitoa. Baadaye akauza simu yenyewe, akabaki na kabambe.

Ndugu yangu, dada yangu, umesikia? Sisi tulisema madharau.

Dereva aliporudi aliandika maneno machache tu: "Nimemwona. Ni mzima. Anasalimia." Watu wakauliza maswali mengi, hakujibu. Hayo ya mtoni na ya binti alinieleza mimi uso kwa uso, kwa sababu ya kazi yangu, na sasa wewe.

Mama yangu alikuwa mtu wa mwethya. Vijana wa siku hizi mnalijua neno lakini wengi hamkuuona. Matuta unayoyaona ukipanda milima ya Mbooni na Kilungu hayakuchimbwa na tingatinga. Yalichimbwa na watu wa utui mmoja waliokusanyika leo kwako kesho kwangu, kila mmoja na jembe. Sitaki kuupamba mwethya, mtegaji alitozwa faini na alisemwa kwa nyimbo. Lakini asiyefika alifuatwa nyumbani, na ikiwa ni ugonjwa au njaa, shamba lake liliingizwa kwenye zamu. Wazee wetu walitaka kujua kwanza kwa nini hujaja. Sisi tuna simu mkononi na hatuulizi.

Nilimpelekea mwekahazina jambo hilo. Tulibishana, na ni haki yake kubisha. Mwisho tukakubaliana: majina ya waliotoa yanabandikwa bila kiasi, walio chini ya mstari hawaandikwi, na taarifa kamili ya M-Pesa inakwenda kwa watu wawili waliochaguliwa, wakague. Mara ya kwanza mchango ulipungua. Sitakudanganya. Wawili walisema kama kiasi hakionekani hawaoni haja ya kujisumbua, na nikawarudisha kwa Mathayo 6, habari ya mkono wa kushoto na wa kulia. Mmoja alinyamaza, mwingine bado ananijibu.

Kuna jambo la pili, nalipita haraka maana nitaliandikia siku yake. Tumezika wenzetu, tumechanga, tumekula, tumeondoka. Watoto wao je? Daudi aliuliza kama kuna yeyote aliyebaki wa nyumba ya Sauli, amtendee wema kwa ajili ya Yonathani, na akapatikana Mefiboshethi, kilema, amehifadhiwa Lo-debari katika nyumba ya mtu mwingine. Soma 2 Samweli 9. Kwenye grupu lenu, nani anajua mtoto wa marehemu yuko kidato cha ngapi?

Kwa leo fanya hili. Usiangalie walio kwenye grupu, tafuta asiyekuwepo. Chukua ile picha ya kidato cha nne, pitisha kidole safu kwa safu, kila uso ujiulize yuko wapi. Ukifika kwa ambaye hakuna anayejua, hapo simama, omba, halafu inuka uanze kuuliza. Namba ikipokelewa na mtu mwingine, uliza sokoni kwao siku ya soko. Uliza kwa jina la babake. Kwa dada zetu ni vigumu zaidi, kwa kuwa wengi wameolewa mbali na wanaitwa Mama Fulani, kwa hiyo anzia kwa kaka zake.

Ukimpata usianze na "ulipotelea wapi". Mwite lile jina la bweni. Usimrudishe kwenye grupu bila kumwuliza. Usimpige picha. Na ukienda mkono mtupu, nenda tu, ukute kazi uishike.

Mwenzetu hajarudi kwenye grupu mpaka leo, na hakuna anayemsukuma. Hunipigia Jumamosi jioni kwa kabambe yake, sauti ikikatika kwa sababu kule mtoni mtandao ni wa kubahatisha, na kabla ya salamu huuliza kama mvua imefika Wote.