Bujora: Siku Familia Zetu Zilipokwenda Kuyatazama ya Kale

Likizo ya shule ilipokaribia, akina mama wa madrasa yetu hapa Bariadi waliiomba kamati ya msikiti jambo moja: watoto wapelekwe mahali wakaione historia kwa macho, wasiishie kusimuliwa. Tulitafakari. Bagamoyo na Kilwa ni mbali, na nauli yake haimuelei mkulima wa pamba. Lakini Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma, ipo Kisesa wilayani Magu, safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Tukaazimia kwenda.

Azimio hilo halikupita bila mjadala. Makumbusho hayo yaliasisiwa na padri wa Kikatoliki kutoka Quebec, David Clement, aliyejulikana pia kwa jina la Kisukuma la Fumbuka, na kanisa alilolijenga mwaka 1958 limo ndani ya eneo hilo hilo. Mzee mmoja wa msikiti akauliza: “Ustadh, mwanangu, watoto hawa tunawapeleka kujifunza au kupotea?” Tulimjibu kwa adabu kwamba Qur’an imetuhimiza mahali pengi tutembee katika ardhi na tuzingatie habari za waliotutangulia, na kwamba kutazama si kuabudu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ataandamana nasi ajionee mwenyewe.

Tuliondoka baada ya Swala ya Alfajiri. Barabara ya lami ilitupitisha Dutwa hadi Lamadi, na hapo tukashika njia kuu itokayo Musoma kwenda Mwanza, ziwa likionekana na kupotea upande wa kulia. Tulipovuka Mto Simiyu, watoto walifurahi kuuona mto ulioupa mkoa wetu jina ulipoanzishwa mwaka 2012. Akina mama walikuwa wamefungasha michembe na chai, basi njaa haikututisha.

Bujora ipo juu ya kilima chenye majabali. Makumbusho yenyewe si jumba moja lenye makabati ya vioo, bali ni majengo kadhaa yaliyotawanyika uwanjani: nyumba ya Kisukuma ya zamani, nyumba ya mhunzi na zana zake, nyumba ya nyasi ya mganga, na banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Mbele ya nyumba ya mganga tulisimama tukawaeleza watoto wazi: haya waliyafanya babu zetu, na sisi Allah ametutosheleza kwa tauhidi. Hatukuficha, wala hatukudharau.

Watoto walikaa zaidi mbele ya chombo cha mviringo kinachozungushwa, kinachoonesha namna mbalimbali ambazo Wasukuma walihesabu moja hadi kumi, kila kundi likiwa na maneno yake. Yule mzee akatabasamu. Akasema naye alipokuwa akichunga ng’ombe alihesabu kwa maneno ya wachungaji, si ya nyumbani. Akaanza kuwahesabia. Alifika saba, akakwama. Akajaribu tena, akakwama pale pale. “Waliokuwa wakiyajua tumekwisha kuwazika,” akasema, akaenda kuketi kivulini.

Hapo ndipo binti mmoja wa madrasa alipouliza: “Na habari za msikiti wetu zimewekwa wapi?”

Swali hilo lilitupata sisi wa kamati. Uislamu katika nchi hii ya Usukuma haukuja jana. Stanley alipofika Kageye, kando ya Ghuba ya Speke, mwaka 1875, aliwakuta hapo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Biashara yao ilikuwa ya pembe za ndovu na pia ya watumwa, nasi hatuna haki ya kulifuta doa hilo ili historia ituridhishe. Lakini baada yao walikuwapo watu wema waliofundisha alif na ba chini ya miti, na majina yao hatukuyaandika. Daftari la kwanza la mihutasari ya kamati yetu tuliliacha stoo pamoja na mifuko ya saruji; tulipolitafuta, mchwa walikuwa wamekwisha kulimaliza. Muadhini wetu wa zamani alifariki kabla mtu yeyote hajamuuliza nani aliyechimba msingi. Mgeni kutoka Kanada aliona thamani ya kinu na chungu cha Msukuma akavihifadhi, nasi tulishindwa kuhifadhi daftari letu wenyewe.

Tukirejea, tulisimama Magu tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Juma lililofuata tulinunua sanduku la bati na daftari jipya, tukawapa vijana wawili wenye hati nzuri kazi ya kuwaandika wazee. Wa kwanza alikuwa yule yule mzee. Hadi sasa wamejaza kurasa kumi na moja.

Kwa familia zitakazopenda kwenda: ondokeni mapema, kwani jua la Kisesa mchana ni kali. Tengeni fedha ya kiingilio, na mfuateni mwongozaji wa pale, kwa kuwa vitu vingi havijielezi vyenyewe. Mwezi Juni hufanyika sikukuu ya ngoma ya Bulabo, ambayo huambatana na ibada ya Kanisa. Anayetaka utulivu achague mwezi mwingine. Zaidi ya yote, msiende bila mzee. Watoto wetu walijifunza kwa yule aliyekwama kwenye saba kuliko kwa vibao vyote vya maelezo.

Allah awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuwaulize walio hai wangali nasi. Amin.